Sheria Moja Uliyoishika

Aber,

Adhana ya magharibi imekwisha sasa hivi, na Jaja, bibi yako, yuko chumbani kwako anafungua tena sanduku ambalo mimi na wewe tulilifunga mchana. Anasema hukuweka blanketi zito. Gulu kuna baridi, anasema, ingawa hajalala Gulu tangu tulipompeleka babu yako kuzikwa. Mwache. Mambo ya blanketi, ya maji ya kuchemsha, ya kutowaazima nguo wasichana wa hosteli, hayo yote atakuambia yeye, na kesho mlangoni atayarudia. Mimi nina jambo moja tu. Nimeshindwa kulisema kwa mdomo kwa sababu kila nikilianza sauti yangu inageuka ile usiyoipenda.

Juzi ulisimama karibu na friji, ukaniuliza bila kunitazama: "Mama, safari ya Gulu nani ataendesha?" Nikasema nitafikiri. Ukasema, "Usijisumbue. Naweza kupanda basi." Ukaenda kuoga. Jaja alikuwa anachambua mchele. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Rehema," akasema, "mutoto iko na leseni. Serikali imemwamini. Wewe ni nani?"

Nimekaa na swali lake siku mbili, na swali lako pia. Barua hii ndiyo jibu. Sitaliandika hapa mwanzoni, maana nikilitanguliza hutasoma yaliyobaki, na mimi mwenyewe nahitaji kupita njia yote ndipo nifike.

Unaijua kazi yangu lakini hujawahi kukaa nami kazini siku ya Jumatatu asubuhi. Benchi la nje ya chumba cha eksirei hujaa watu wa wikiendi. Mapaja, nyonga, vifundo vya miguu. Wengine ni waendesha boda, wengine abiria wao, na mara kwa mara anakuja mtoto wa umri wako aliyechukua gari la baba yake kwenda kununua chapati akarudi akiwa amebebwa. Mimi nawaambia wakae hivi, wageuke vile, washike pumzi. Sijui walivyogongana. Naona mfupa tu. Ukiona mifupa ya watu miaka yote hiyo, unafika mahali huoni tena barabara, unaona mahali ambapo mfupa utavunjikia. Ndiyo maana nilipokufundisha kuendesha, ukiwa bado hujafika umri wa leseni, nilikufundisha ndani ya kiwanja cha shule tu, Jumapili, wakati hakuna hata mbuzi. Ulikuwa unacheka. "Mama, hapa nitamgonga nani, ubao?"

Nikakupa sheria zangu. Unazikumbuka, nyingine ulikuwa unazisema kwa sauti yangu ili umchekeshe Jaja. Mkanda kabla ya ufunguo. Usiendeshe bila mimi pembeni. Usitoke nje ya geti la shule. Usiwabebe rafiki zako. Usishindane na mtu anayekupigia honi, mwache apite, huko anakokwenda anajua mwenyewe. Na ukigonga kitu, au mtu, funga milango, usishuke, ngoja afande afike.

Hiyo ya mwisho ilitoka kwa babu yako. Nitairudia.

Jumamosi naenda kazini kwa miguu, kutoka hapa Kibuli kuvuka hadi kilima cha pili si mbali, na gari linabaki uani. Ufunguo nilikuwa namwachia Mama, Jaja yako. Nilidhani nimepanga vizuri. Niliwasikia wenzangu hospitali wakisema wanalala na ufunguo chini ya mto, wengine wanafunga mitambo ya kufuatilia gari kwenye simu. Nikawacheka. Mimi mlinzi wangu ni mke wa askari wa trafiki, nikawaambia, mwanamke aliyekaa kambi ya polisi ya Nsambya nusu ya maisha yake. Nani atamhonga huyo?

Na jioni nikirudi kulikuwa na samaki. Ngege mkubwa, wa kukaanga au wa mchuzi wa nazi kama Jaja anavyopika akiwa na furaha. Nikauliza mara ya kwanza, mmetoa wapi samaki mzuri hivi? Jaja akasema, "Ggaba, ziwani, kwenye maji yenyewe." Nikadhani amemtuma mtu wa boda. Nikasema huyo mtu wa boda Mungu ambariki, anajua kuchagua samaki. Nakumbuka uliinamisha kichwa. Nikadhani unatoa mwiba.

Jumamosi nyingi nilikula samaki huyo.

Halafu ile siku ya Alhamisi njia ya Ggaba. Nilikuwa nimetoka kumwona rafiki yangu aliyejifungua, nikasimamishwa. Askari mmoja, nguo nyeupe, mtu mzima mwenye tumbo. Niliteremsha kioo nikasema, "Shikamoo, afande." Ndivyo ninavyosema siku zote. Mbele yangu alikuwa amesimamishwa kijana aliyekuwa anajieleza kwa Kiingereza na kutoka jasho. Mimi nikasema shikamoo yangu, nikaweka mikono kwenye usukani, nikangoja kupungiwa mkono nipite. Leseni yangu ni halali, gari ni zima, sikuwa na haja ya upendeleo wowote. Lakini nilisema.

"Marahaba," akasema. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akatazama namba ya gari. "Eh! Hii gari mimi najua. Lakini dereva si wewe. Dereva iko kasichana kamoja hivi, na mzee wa kike, na samaki."

"Samaki?"

"Kila Jumamosi! Nyinyi si watu ya Sajini Otim?" Akaweka kiwiko dirishani. "Huyo mzee ndiyo alinifundisha kazi. Nilikuja kuruti, sina hata buti, akanipa yake. Wewe ndiyo Rehema? Ulikuwa kadogo, ulikuwa unalia ukiona farasi ya polisi."

"Ndiyo mimi."

"Basi pita, pita. Mutoto wako anaendesha muzuri kushinda wewe." Akacheka, akapiga paa la gari. "Na umwambie ile maneno ya boda ilikwisha. Asikuwe na woga. Huyo jamaa hajarudi kutusumbua."

"Boda gani, afande?"

Akaacha kucheka. Akasimama wima, akavuta mkanda wake juu ya tumbo. "Kumbe hujui," akasema. "Basi, muulize mama yako." Akaenda kwa gari lililokuwa nyuma yangu.

Aber, nilifika nyumbani sijui nilipita wapi. Mimi ninayekufundisha macho yasiache barabara.

Nisikilize sasa jinsi lilivyoniuma, kwa sababu siku ile nilipiga kelele na kelele ilificha jambo lenyewe. Ulidhani nimekasirika kwa sababu uliendesha bila leseni. Hilo lilinitisha, halikuniumiza. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na minane, umri wako wa leo. Baba yako akaenda zake. Jaja na babu yako wakakulea ili mimi nirudi shule, wakakulea wewe na wakanilea mimi, sahani moja, ukali mmoja. Mtaani watu walidhani wewe ni mdogo wangu. Tumelelewa na mama mmoja. Kwa hiyo nilipojua kwamba watu wawili hao, wote nilio nao duniani, kila Jumamosi walipanda gari langu wakaketi mbele, mmoja kulia mmoja kushoto, wakaenda kununua samaki wakicheka, kisha wakarudi wakaninyamazia na kunitazama nikila, nilijiona kama mgeni aliyepangishwa chumba. Trafiki alijua. Muuza samaki alijua. Naamini na mlinzi wa geti la jirani alijua, maana ndiye aliyekuwa anakufungulia njia. Mjinga wa nyumba alikuwa mmoja tu, naye ndiye mwenye gari.

Jaja hakuona aibu. Unakumbuka alivyosema. "Mimi nimeolewa na mutu wa trafiki maisha yangu yote, sikukaa kiti cha mbele hata siku moja. Gari ya serikali, anasema, si ya mke. Sasa mutoto ananiambia, Jaja, twende tuone maji. Nisiende kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuamini, Mama."

"Kwani uliniuliza kama nataka kuaminiwa? Ulinipa ufunguo kama askari jela. Hukuniuliza, Mama, na wewe unataka kwenda wapi."

Na wewe ukasema, "Nilikuwa nataka kukuambia kesho. Kila Jumamosi nilisema, nitamwambia kesho."

Nilikuuliza habari ya boda. Jaja ndiye aliyeeleza. Mlikuwa mnarudi, mko Kansanga, magari yamesongamana, ukavuta kushoto kidogo na huyo mtu alikuwa anapenya kushoto. Akaanguka, pikipiki ikamlalia mguu. Watu wakajaa. Afande yule yule akaja, akainama dirishani, "Mutoto wa Sajini, ni nini tena?" Ukamwamkia. Mkazungumza. Akawaambia watu watawanyike, akamwambia yule wa boda ainuke aende hospitali, atazame siku nyingine anakopita. Mkaja nyumbani.

"Na siku hiyo," nikauliza, "samaki alikuwepo?"

Jaja akasema, "Alikuwa kwenye mapaja yangu. Tungemtupa?"

Kwa hiyo nilimla huyo pia. Na kuna jambo ambalo sikuwaambia siku ile kwa sababu sikuweza: hospitali ya karibu na pale ni yetu. Jumamosi hizo napiga picha za vifundo vya miguu mpaka mikono inachoka. Siwaulizi majina, yanakuja kwenye karatasi na kuondoka nayo. Sijui kama mguu ule ulipita mikononi mwangu. Sijui kama nilimwambia, pole, geuka kidogo, nani amekugonga, na yeye akasema, msichana mmoja. Nimejaribu kukumbuka uso. Nyuso zote zinakuja.

Tulimtafuta. Hilo ulilifanya vizuri na nataka lijulikane kwamba nililiona. Hukubisha. Jumapili ile tulishuka Kansanga kwa miguu, tukauliza kwenye stegi za boda, wanapongojea abiria, wakatuelekeza ya tatu. Walipotuona, mmoja wao alitambua sura yako. Akasimama akapiga saluti kwa mkono wa kushoto. "Jambo, afande!" Wengine wakaangua kicheko. "Leo mmekuja kumfunga nani? Mmesahau kumalizia mguu wa pili?" Mimi nilitaka tugeuke. Wewe uliendelea kusimama.

Alikuwa mtu wa rika langu, amevaa kofia ya sufu ingawa jua lilikuwa kali. Alizungumza Kiganda, na ninakuandikia kama ninavyokumbuka.

"Nyabo, mguu umepona," akaniambia mimi. Akaurusha kama anapiga mpira. "Unaona? Namba tisa."

Nikasema tumekuja kuomba msamaha.

"Wa mguu? Mguu ni kazi. Mtu wa boda asiyeanguka ni mtu wa boda gani? Huyo ni padri." Wenzake wakacheka tena. Kisha akakugeukia wewe, na uso wake ukawa mwingine. "Lakini wewe hukushuka. Nilikuwa chini pale, natazama tairi lako, natazama mlango. Nikasema, sasa mlango utafunguka. Nikasikia mnaongea Kiswahili chenu juu yangu, wewe na askari na yule mama mzee. Mimi Kiswahili sikijui. Nikadhani mnazungumza nipelekwe wapi. Kumbe mnaagana."

Hakuna aliyecheka.

Ndipo ulipofanya kitu ambacho sikukufundisha, na ambacho katika nyumba yetu hatukifanyi. Ulipiga magoti chini, kwenye vumbi na mafuta ya pikipiki, kama wasichana wa Kiganda wanavyowaamkia wakubwa wao, ukasema naye kwa lugha yake. Sikusikia yote. Nilisikia ukisema jina lako. Yule mtu aliangalia pembeni, akaangalia juu, akakuambia inuka, inuka, utachafua sketi, mama yako atanigombeza. Akakuuliza unasoma wapi. Ukamwambia. Akasema, "Basi soma. Na ukiwa na gari lako mwenyewe, uwe unafungua mlango."

Tukarudi. Tulikuwa tunapandisha kilima, na mimi moyoni nilikuwa nimeanza kulainika. Nilikuwa natafuta neno la kukuambia. Nikasema, na nilidhani nalisema kwa upole, "Sasa kwa nini hukushuka siku ile ile?"

Ukasimama. Ukanitazama usoni, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

"Ulisema nisishuke."

Aber, nimelibeba neno hilo tangu siku ile. Mwanzoni nililichukua kama matusi. Sheria zote nilizokupa ulizivunja. Ulitoka nje ya geti, bila mimi, ulibeba abiria, na kama si Jaja kukataa, najua ungewabeba na rafiki zako. Ukashika moja. Ukaishika barabara, kama mtu anayeshika amana, na ilikuwa hiyo.

Nakuambia ilikotoka. Nikiwa mdogo kuliko ulivyo sasa, babu yako alirudi kutoka kazini shati lake jeupe likiwa na damu isiyokuwa yake. Dereva wa lori alikuwa amemgonga mtoto. Alishuka kumtazama mtoto, na watu wakamvamia. Babu yako alifika amechelewa. Alikaa kitandani, buti miguuni, akaniambia mimi, sijui kwa nini mimi, "Ukiwa mkubwa ukaendesha, ukigonga mtu usishuke. Funga mlango. Ngoja sisi." Sikumwona tena akilia baada ya siku hiyo. Basi nililichukua neno hilo kama maji ya baraka. Nikalinywa, nikakunywesha. Sikuwahi kujiuliza: kama kila mtu aliye ndani ya gari atafunga mlango, yule aliye chini atafunga nini?

Na kuna hili jingine. Babu yako aliposema "ngoja sisi" alimaanisha ngoja mtu wa kutenda haki. Sisi wawili tulisikia "ngoja watu wetu." Nilikulea kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii, Jaja Mnubi, babu Mwacholi, wangepatana kwa lugha gani nyingine? Kwangu ni lugha ya jikoni, ya kubembelezwa, ya kugombezwa. Nikakufundisha pia, bila kutamka, kwamba mjini hapa lugha hii ina kazi ya pili. Ukimwamkia askari vizuri barabarani, anakuona mtoto wa kambi, anakupungia mkono. Uliniona nikifanya hivyo tangu ulipokuwa unakaa kiti cha nyuma miguu haifiki chini. Ulijifunza kuendesha gari kiwanjani, Jumapili. Hilo jingine ulijifunza kila siku.

Sheria zangu zote zilikuwa za ndani ya gari. Mkanda, kioo, geti, nani akae pembeni. Nilikulinda kama yai. Sikukupa hata moja ya kumlinda mtu dhidi yako.

Usisome hapo ukadhani nimehamisha kosa lote kwangu, tumemaliza. Hapana. Nina sehemu yangu na nimeitaja. Yako bado iko pale pale. Sikukufundisha kusema uongo, tena mezani. Sikukufundisha kumfanya bibi yako mshiriki, ingawa yeye hakuhitaji kubembelezwa. Na nitaandika kitu cha aibu, kwa kuwa ni mama yako na una haki ya kujua mama yako ni mtu wa namna gani: yule wa boda ulimpigia magoti. Mimi hukuniambia hata pole. Nilisimama pale stegi najivunia, na hapo hapo namwonea wivu mtu uliyemvunja mguu. Hujaniambia mpaka leo. Ulitimiza umri, ukaenda shule ya udereva kama watu wengine, ukafanya mtihani, ukapita, ukaweka leseni mezani mbele yangu kama mtu anayelipa. Nikasema hongera. Tukala. Ile pole haikuja.

Siiombi. Pole ya kuombwa haina ladha. Nakuambia tu kwamba mahali pake papo, pako wazi.

Kuhusu huko unakokwenda, neno moja. Utawakuta wazee wa upande wa babu yako, na utataka kuwaamkia kwa Kiswahili chako kizuri kwa sababu Kiacholi chako ni cha kubabaisha. Usianze nacho. Kule watu wazima waliisikia lugha hii miaka mingi ikitoka kwenye midomo ya wanaume wenye bunduki, wa pande zote, waliokuja kugonga mlango. Kwako ni sauti ya Jaja akikuita ule. Kwao inaweza kuwa kitu kingine kabisa, na wao hawatakuambia, watakaa kimya tu kama yule mtu alivyokuwa kimya chini ya pikipiki. Babaika na Kiacholi chako. Wachekeshe. Kuchekwa hakuui.

Sasa jibu.

Jaja hatakuja. Nimemwomba abaki, na amekubali kwa shida. "Mutauana njiani kwa kunyamaza," ameniambia. Labda. Lakini nataka safari moja ambayo ni yangu na wewe, mimi nikiwa nimealikwa.

Utaendesha wewe. Kutoka hapa uani mpaka mlango wa hosteli.

Sikupi usukani kwa sababu nimekusamehe. Nimejipima, sijafika. Nakupa kwa sababu ya barabara yenyewe. Kuanzia hapa mpaka tutakapouacha mji, wapo wanaomkumbuka Sajini Otim. Baada ya hapo hakuna anayekujua. Kila atakayekusimamisha mpaka daraja la Karuma na mbele yake atamwona msichana mdogo mwenye leseni mpya, basi. Ukikosea, utakuwa umekosea kama mtu yeyote, na utaeleza kama mtu yeyote, kwa Kiingereza cha kutoka jasho ikibidi. Hiyo ndiyo barabara ninayotaka uendeshe mara ya kwanza nikikuona. Ya Ggaba haikuwa barabara, ilikuwa kiwanja kingine cha shule, na watu wamesimama ndani yake.

Mimi nitakaa kushoto. Nitajitahidi nisikanyage breki ambayo haipo. Kama jambo litatokea, Mungu aepushe, nitashuka mlango wangu na wewe utashuka wako, tutaenda wote wawili kumtazama aliye chini. Ninajua babu yako aliona nini. Ninaogopa alichokiona. Tutashuka.

Tukifika nitakusaidia kubeba godoro, nitawaamkia wenzako, nitajaribu nisikae sana. Halafu nitahamia kiti chako na kurudi peke yangu. Huenda ukanipigia kabla hata sijafika Karuma, kwa sababu umesahau kitu, au kwa sababu ya lile ambalo hujaniambia. Simu ikiita bila jibu, usidhani nimenuna. Nitakuwa naendesha.

Mama yako,
Rehema